Raha ya Kipando Siku ya Mvua



Sifa njema zote zinamstahiki Mwenyezi Mungu, mteremshaji wa mvua kwa kipimo akijuacho mwenyewe. Sala na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (s.a.w.), jamaa zake na masahaba zake. Ama baad.

Wiki hii imenifikia barua ya mama mmoja wa Malindi. Mwanawe anaishi Embulbul, upande wa Ngong katika Kaunti ya Kajiado, pamoja na mkewe na watoto watatu. Kijana huyo ameuza gari lake dogo, akaongeza akiba ya miaka kadhaa, akanunua gari refu la kimo, lile linalovuta kwa magurudumu yote manne. Tangu siku hiyo, asema mama, kila apigapo simu hulisifu gari lake kama bwana harusi amsifuvyo biarusi. Sasa likizo ya Aprili imewadia, masika yamepamba moto, naye anakusudia kuteremka Malindi na aila yake. Mama alipomsihi angoje mvua zipungue, alijibiwa kwa heshima lakini kwa yakini: "Mama, gari hili halishindwi na mvua."

Mama anauliza mambo mawili. Kwanza, je, gari la namna hii si israfu? Pili, kwa jibu alilopewa na mwanawe, afurahi au aogope?

Nimeona nijibu hapa kwa kuwa suala hili si la nyumba moja. Watoto wetu wengi wa pwani wamepanda bara kwa kazi na masomo, wakatia maskani Rongai, Kitengela, Ngong na Embulbul. Na magari haya tunayoyazungumza ni wageni wa bandari yetu: mengi hushushwa Kilindini kutoka Japani yakiwa yamekwisha kutumika huko, kisha yakapandishwa bara. Kwa hiyo jambo hili linatuhusu sote.

Nianze kwa kusema kwamba raha anayoisifu kijana ni raha ya kweli, na asiyeijua huenda hajawahi kuingia Embulbul wakati wa masika. Mahali pale papo kando ya barabara itokayo Karen kwenda mji wa Ngong, chini ya vilima vya Ngong ambavyo kilele chake kinakaribia mita 2,460 juu ya usawa wa bahari. Mawingu hutua pale kama blanketi. Baridi yake si baridi yetu ya kipupwe, na ukungu wa alfajiri humficha mtu aliye hatua kumi mbele yako. Barabara kuu ina lami. Reli mpya ya kwenda Naivasha, iliyofunguliwa mwaka 2019, imechimbiwa handaki la takriban kilomita 4.5 chini ya vilima hivyo, na treni hupita humo bila kujua kama juu kunanyesha au kumekauka. Lakini mwanadamu wa kawaida hakai kwenye lami wala handakini. Anakaa ndani, kwenye vichochoro vya udongo, na huko mvua ya siku mbili hugeuza njia kuwa uji.

Wenye nyumba katika tambarare za Kitengela wana mtihani mkubwa zaidi, maana udongo wao mweusi hunyonya maji ukafura, ukashika gurudumu kama gundi. Ukikauka hupasuka nyufa za kuingiza mguu. Mvua inyeshapo, gari dogo huteleza na kukwama, na baba wa nyumba huvua viatu, akapandisha suruali, akamwacha mke na watoto ndani ya gari gizani akatafute vijana wa kusukuma.

Sababu ya tofauti ya magari haya mawili ni nyepesi kueleza. Katika gari la kawaida, injini huzungusha magurudumu mawili tu. Moja likiingia kwenye utelezi, ile difu inayogawa nguvu huliacha hilo lizunguke bure, na lile lililo pagumu halipati nguvu ya kutosha kulitoa gari. Gari linalovuta kwa manne lina magurudumu mengine mawili ya kukamata ardhi. Mengi yana gia nzito ya pili, inayopunguza mwendo na kuzidisha nguvu, na baadhi yana kufuli ya difu inayolazimisha magurudumu yazunguke pamoja. Ongeza kimo cha tumbo la gari kutoka ardhini, lisikwaruze kwenye matuta, nawe umepata kipando kinachopita polepole mahali ambapo wengine wamelala.

Ufundi huu si wa jana. Land Rover ya kwanza ilioneshwa Amsterdam mwaka 1948, na mwaka 1951 Toyota ilitengeneza mzazi wa Land Cruiser, ambayo mwaka huohuo ilipandishwa Mlima Fuji hadi kituo chake cha sita. Tangu wakati huo magari ya aina hizi yamebeba madaktari, walimu, polisi, wagonjwa na maiti katika nyika za Afrika Mashariki, na kule Oman na Ghuba jamaa zetu huyatumia jangwani na kwenye mabonde ya milimani.

Basi mtu aliyekaa ndani ya kipando hicho, mvua ikipiga kioo, watoto wakiwa wakavu nyuma yake, akihisi magurudumu yakikamata tope moja baada ya jingine, akafika mlangoni kwake bila kushuka, huyo amepata utulivu wa moyo. Dini yetu haiuchukii utulivu huo. Imepokewa katika hadithi ya Saad bin Abi Waqqas (r.a.) kwamba Mtume (s.a.w.) alitaja mambo manne kuwa katika furaha ya mwanadamu: mke mwema, nyumba yenye wasaa, jirani mwema, na kipando chenye raha. Tazama, mama yetu, kipando kimetajwa pamoja na mke na jirani. Kinyume chake, kipando kibaya, kimetajwa katika mashaka ya mtu. Kwa hiyo jibu la suala la kwanza lina mlango ulio wazi: mtu aliyejitafutia kipando kinachofaa njia anayopita, kwa mali ya halali, bila kuwapunja wanaomtegemea, hakufanya israfu. Israfu ni kununua gari la tope kwa ajili ya kuliegesha mbele ya maduka ya Nairobi.

Lakini mlango huo una kizingiti. Katika hadithi ya Abu Huraira (r.a.) iliyo ndani ya Sahihi mbili, Mtume (s.a.w.) alisema kuhusu farasi kwamba wako wa namna tatu kwa wenye kuwamiliki: kwa mmoja ni thawabu, kwa mwingine ni sitara, na kwa wa tatu ni mzigo wa dhambi. Farasi ni yuleyule, nyasi ni zilezile, na kinachobadilika ni moyo wa mwenyewe na kazi anayomfanyisha. Masahaba wakauliza: na punda je? Akawajibu kuwa hakuteremshiwa juu ya punda jambo mahsusi isipokuwa ile aya yenye kukusanya yote, kwamba atendaye wema au ubaya wa uzani wa chembe atauona. Jibu hilo linatosha kwa punda wa Lamu, na linatosha kwa gari la Embulbul.

Tuyapime basi kwa mizani hiyo ya tatu.

Gari ni sitara pale linapomkidhia mtu haja zake na kumkinga na fedheha: mke haogeshwi na mvua kituoni, watoto wanafika shule, mgonjwa wa nyumba hasubiri alfajiri. Hiyo ni hali ya wengi, na si haba. Ila hadithi imeweka sharti, kwamba huyo mwenye sitara hasahau haki ya Mwenyezi Mungu iliyo juu ya mnyama wake.

Gari ni thawabu pale raha yake inapovuka mlango wa mwenyewe. Katika Sahihi Muslim, Abu Said al-Khudri (r.a.) anasimulia kuwa walikuwa safarini na Mtume (s.a.w.), akaja mtu juu ya ngamia wake akiangaza kulia na kushoto. Hapo Mtume akaagiza kuwa mwenye kipando cha ziada amfae nacho asiye na kipando, na mwenye chakula cha ziada amfae asiye na chakula. Akaendelea kutaja aina za mali, moja baada ya nyingine, hata masahaba wakadhani kuwa hakuna aliye na haki ya kuzuia cha ziada. Katika zama zetu, kipando cha ziada ni kiti kitupu. Gari la watu saba lililobeba mtu mmoja siku ya mvua lina vipando sita vya ziada.

Niliwahi kualikwa nikahi huko Embulbul katika msimu wa mvua. Waislamu wako pale kwa miaka mingi, na ukarimu wao hauhitaji kuelezwa. Baada ya sala ya Isha mvua ilikuwa bado inamiminika, na barazani walikuwapo wazee watatu, mama mmoja na kitoto mgongoni, na vijana wa madrasa waliokumbatia misahafu yao ndani ya mifuko ya plastiki. Mwenyeji wangu alikuwa na gari kuukuu la magurudumu manne, rangi imebambuka, kiti cha mbele kimeshonwa kwa uzi wa gunia. Aliniomba radhi ningoje kidogo, kisha akawapeleka watu makwao kwa safari tatu, kila safari akirudi na tope jipya hadi kwenye vioo. Nilipomwambia kuwa amejichosha, alisema gari lile yeye huliita gari la msikiti. Mkewe akaongeza kuwa usiku wa Jumatatu ya wiki ile walikuwa wamegongewa mlango saa nane, jirani asiye Mwislamu, mkewe ameshikwa na uchungu, na teksi zote zimekataa kuingia ndani. Wakampeleka hospitali mjini Ngong, akajifungua salama. Hakuna aliyeulizwa dini yake wala nauli.

Katika ile hadithi ya farasi, mwenye kupata thawabu huandikiwa hata hatua za mnyama wake na maji anayokunywa mtoni, ijapokuwa hakukusudia kumnywesha. Nami natumai kwamba mtu kama yule huandikiwa hata dizeli yake.

Namna ya tatu ni mzigo, nao una sura nyingi. Iko riya, mtu kununua kimo cha gari ili awatazame wenziwe kutoka juu. Iko riba, mtu kukopa benki kwa nyongeza ya haramu apate gari la fahari, ilhali gari la bei ya chini au kungoja mwaka mmoja kungemfaa. Na huyo, hata likimvusha tope la dunia, amejichimbia tope jingine. Na iko hii ambayo wengi hawaihesabu: kupita kwa kasi kwenye dimbwi na kumwogesha maji machafu mtu anayetembea kando. Mama wa watu anakwenda kuuza mboga, mtoto amevaa sare safi, fundi anawahi kibarua. Gari kubwa linapita, na siku yao imeharibika. Mtume (s.a.w.) ametufundisha kuwa kuondoa lenye kuudhi njiani ni tawi la imani. Basi ni tawi la nini kuwa wewe ndiye lenye kuudhi njiani? Yule aliyelowa humjui, lakini dua ya aliyedhulumiwa haina kizuizi.

Sasa nije kwenye suala la pili, ambalo naona ndilo lililomkosesha mama usingizi.

Nikisoma lile jibu la kijana, kwamba gari lake halishindwi na mvua, nakumbuka kisa cha Nabii Nuhu (a.s.) katika Sura Hud. Baba alimwita mwanawe apande jahazi, na mwana akajibu kuwa atakimbilia mlimani, mlima utamkinga na maji. Wimbi likaingia kati yao. Simfananishi kijana wetu na yule aliyekufuru, na namwombea kila la heri. Ninachokitazama ni kauli. Mlima ule ulikuwa imara, na kwa mvua za kila mwaka ulikuwa kimbilio zuri. Kosa lilikuwa kudhani kuwa kitu kinachokinga maji haya kinakinga kila maji.

Gari la magurudumu manne limeundwa kwa ajili ya tope. Halikuundwa kwa ajili ya mafuriko, na tofauti yake ni kama ya pwaju na mkondo wa bahari. Tuufanye hesabu. Sakafu ya gari kubwa ina urefu wa karibu mita 4.5 na upana wa mita 1.8. Maji yakipanda sentimita 10 tu juu ya sakafu hiyo kabla hayajapenya ndani, huliinua gari kwa nguvu ya takriban kilo 800. Yakipanda sentimita 30, nguvu hiyo inakaribia kilo 2,400, na magari mengi ya aina hii hayazidi uzito huo kwa mbali. Hapo gari huwa dau. Magurudumu manne yanazunguka, lakini hayana ardhi ya kukamata. Usukani unageuka, lakini hauongozi kitu. Wataalamu wa hali ya hewa wa Marekani huonya kuwa maji ya kasi yenye kina cha sentimita 30 yanaweza kuchukua gari dogo, na sentimita 60 zinatosha kuchukua magari mengi, makubwa yakiwemo. Sentimita 60 ni kimo cha goti la mtu mzima na kidogo juu yake. Mtu huyatazama akayadharau.

Nasi tumekwisha kupewa mafunzo yenye kuumiza. Tarehe 4 Desemba 2021, basi lililobeba watu waendao harusini lilijaribu kuvuka Mto Enziu karibu na Mwingi, daraja likiwa limefunikwa na maji. Zaidi ya watu 30 walikufa. Basi ni zito kuliko gari lolote la magurudumu manne analoweza kununua kijana wetu. Masika ya mwaka 2024 yaliua watu zaidi ya 200 nchini Kenya, wakiwemo makumi waliokumbwa na maji usiku karibu na Mai Mahiu. Mwanzoni mwa Mei mwaka huohuo Mto Talek ulifurika Maasai Mara, ukaingia katika kambi za watalii. Kama kuna mahali nchini ambapo magari imara ya nyika yamejaa, basi ni pale. Na bado watu waliokolewa kwa helikopta. Nasi wa pwani hatujasahau Novemba 2023, maji yalipofurika Mbogolo na kukata safari baina ya Kilifi na Malindi, wala jinsi barabara ya Lamu inavyofungwa pale Lango la Simba mto ujazapo. Wahenga walisema maji usiyoyafika hujui wingi wake, na walisema hivyo wakiwa ni watu wa maji.

Tena tuwaulize mababu zetu manahodha. Hawakukosa majahazi imara. Yalikuwapo yaliyofika Maskati, Basra na Malabari. Lakini kusi likivuma kwa ukali, majahazi yaliwekwa pwani, yakatiwa kalafati na sifa, na nahodha akakaa barazani akinywa kahawa wala hakuna aliyemwita mwoga. Uimara wa chombo ulikuwa ni wa kukabili dhoruba iliyomkuta njiani, si ruhusa ya kuifuata dhoruba mlangoni kwake.

Liko jambo jingine ambalo wenye magari haya husahau. Kuvuta kwa magurudumu manne kunasaidia gari kwenda, hakusaidii kusimama. Kila gari, dogo kwa kubwa, hushika breki kwa magurudumu yote manne. Kwenye lami iliyolowa katika barabara ya Mombasa, gari hilo zito huhitaji nafasi ndefu ya kusimama, na kwa kimo chake hupinduka kwa wepesi zaidi likikatwa kona kwa kasi. Utulivu uleule anaouhisi dereva ndani, kelele za mvua zikiwa mbali na kiti kikiwa laini, ndio unaomfanya asihisi mwendo wake. Raha hapo humdanganya mwenyewe.

Huenda kijana akasema, "Sheikh, mimi nimetawakali." Vyema. Lakini Mtume (s.a.w.), kama alivyopokea Tirmidhi kutoka kwa Anas (r.a.), alimwelekeza mwenye ngamia amfunge kisha atawakali. Kumfunga ngamia wa leo ni kukagua meno ya tairi, breki, taa na vipangusio vya kioo kabla ya safari. Ni kusikiliza taarifa za Idara ya Hali ya Hewa. Ni kusafiri mchana, na kuwauliza wanaotoka upande wa pili habari za madaraja. Na fundo kubwa la kamba hiyo ni hili: ukifika mahali maji yamevuka barabara yakienda kwa kasi, na huoni ardhi iliyo chini yake, unageuza gari ukarudi, hata kama wenye malori wanakupigia honi, na hata kama umebakisha kilomita 5 kufika kwa mama.

Kurudi huko si udhaifu wa imani. Sheria yenyewe imeipa mvua heshima yake. Siku moja ya Ijumaa yenye mvua, Ibn Abbas (r.a.) alimwagiza mwadhini wake badala ya kuwaita watu waje kusali awatangazie wasali majumbani mwao. Watu walipostaajabu, aliwajulisha kuwa hivyo alifanya aliye bora kuliko yeye, akimkusudia Mtume (s.a.w.), na kwamba ijapokuwa Ijumaa ni faradhi, alichukia kuwatoa watu waje wakitembea katika tope na utelezi. Kisa hiki kimo katika Bukhari na Muslim. Ikiwa faradhi ya Ijumaa imefanyiwa wepesi kwa ajili ya tope, itakuwaje safari ya likizo isiweze kungoja siku tatu?

Mama yetu mpenzi, hilo ndilo jibu langu. Furahi, kwa kuwa Mwenyezi Mungu amempa mwanao kipando cha raha, na wajukuu zako hawalowi. Mshukuru Mola kwa hilo, na usimvunje moyo kwa kuliita gari lake fahari ikiwa moyo wake haukuwa huko. Kisha ogopa kwa kiasi, khofu ya mzazi inayomfanya aseme, si ile inayomfanya anyamaze na kulia peke yake.

Mpigie simu leo. Usianze na hatari. Anza na baraka. Mwambie umefurahi, na umwulize ni majirani wangapi wa Embulbul wamekwisha kupanda gari hilo siku ya mvua. Mwambie apunguze mwendo kwenye kila dimbwi lenye mtu kando yake. Kisha mwambie kuwa unampa ruhusa ya kuchelewa: kwamba akikuta mto umejaa akarudi Mtito Andei au Mariakani kulala, hutamnunia wala hutamwambia pilau imepoa. Vijana wengi huvuka maji mabaya kwa sababu kuna mtu ng'ambo ya pili wanayemwonea haya kumchelewesha. Mwondolee haya hiyo, nawe utakuwa umemfunga ngamia wake kwa kamba madhubuti kuliko ya fundi yeyote.

Nawe kijana wetu, ukisomewa haya: gari lako linalishinda tope, alhamdulillah. Mvua ni jeshi la Mola wako, nalo halishindwi. Mheshimu mama, ngoja jua litoke, uje na watoto wakiwa wazima.

Tunamwomba Mwenyezi Mungu aijaalie mvua hii kuwa ya manufaa, aiteremshe mashambani na kwenye malisho na si juu ya paa za wanyonge, awahifadhi wasafiri wa nchi kavu na wa baharini, na avifanye vipando vyetu kuwa thawabu kwetu, visiwe mzigo. Amin.

Wabillahi tawfiq. Wassalaamu alaykum warahmatullahi wabarakatuh.